Fundi wa Tabo Mbili

Nimeishi Mpendae ukuta kwa ukuta na gereji ya Fundi miaka kumi na saba, na katika miaka hiyo yote sahani yangu haikuwahi kurudi tupu. Msidhani namsifu, nisikilizeni kwanza. Sisi huku jirani akikuletea futari, sahani yake unamrudishia na kitu: tende mbili, kipande cha mkate wa kumimina, hata ndimu. Fundi naye alikuwa muungwana na mila akiijua, ila nyumba yake iko Bububu na pale gerejini hapakuwa na jiko. Basi akirudisha alichonacho. Nilimpelekea sambusa, sahani ikarudi na plagi nne zilizosuguliwa mpaka zinang'ara. Nilimpelekea kaimati, ikarudi na beringi. Ramadhani moja nilimpelekea bakuli la uji, likarudi limejaa nati zilizooshwa kwa petroli, na uji wa kesho yake ukanuka kituo cha mafuta. Mume wangu aliunywa wote akasema mtamu. Ndivyo alivyokuwa mume wangu, Mungu amrehemu, na hilo mlishike, maana ndilo lililotuponza.

Kazaliwa wapi na mtoto wa nani, hayo waulizeni wanaopenda mambo ya watu. Sisi tulimwita Fundi basi. Mpendae kuna fundi cherehani, fundi saa, fundi mabati, lakini ukisema Fundi ukanyamaza, kila mtu anakuelekeza kwake. Alikuwa mrefu, mwembamba, na havui kofia hata akiwa anachomea vyuma. Kofia yake ya viua ina matundu aliyoyashona mkewe na matundu ya cheche za moto, na ukiitazama hujui lipi la nani.

Kazi yake ilikuwa gari za Kijapani, na ndani ya hizo gari alichokipenda ni menifodi. Hayo ni mabomba yanayopokea moto na moshi mara tu unapotoka kwenye injini. Sasa kisiwani petu chumvi ya bahari inaingia mpaka kwenye sukari, sembuse bolti inayochemka na kupoa kila siku. Inashika kutu mpaka inakuwa kitu kimoja na chuma chenyewe. Mafundi wengine wanapiga nyundo, bolti inakatika, mwenye gari anabaki kushika kichwa. Fundi hapigi.

"Bolti haipigwi, Mwalimu, inabembelezwa," aliniambia mara ya kwanza nilipochungulia.

Anailoweka kwa mafuta ya taa siku mbili tatu. Halafu anaichoma moto mpaka inakuwa nyekundu, kisha anaigusisha mshumaa, nta inayeyuka na kunyonywa ndani kwenye meno. Hapo anashika spana kwa vidole viwili na kuanza kuizungumzisha: "Haya njoo, mwanangu, njoo taratibu, hakuna atakayekugombeza." Na inakuja! Nimeiona kwa macho yangu. Tabu ilikuwa kwamba umeme ukikatika Bububu, nyumba yake nzima iko gizani na mishumaa yote iko Mpendae. Siku moja mkewe akaja kuifuata mwenyewe, kajitanda buibui lake, akasimama mbele ya wateja.

"Miaka thelathini," akasema, "hujanibembeleza mimi nusu ya unavyozibembeleza hizo bolti."

Fundi hata kichwa hakuinua. "Wewe hujawahi kushika kutu," akamjibu.

Yule bibi alichukua mishumaa yake akaondoka kwa hasira, lakini alipopita mlangoni kwangu nilimwona anacheka peke yake.

Alikuwa na kopo la rangi nyeupe na brashi nyembamba, na kila alichokifungua alikiandika. Hati yake nzuri kuliko yangu, na mimi ndiye mwalimu. Rafu yake ukiisoma unacheka: KIZIMA. KIMEKUFA. KINAJIFANYA KIMEKUFA. CHA YULE MGOMVI. Aliwahi kuja kuazima mwiko kwangu, nikadhani leo anapika. Kumbe mpini anauweka juu ya injini, kichwa cha mwiko anakitia sikioni, anasikiliza ndani kunasemwa nini. Niliufuata baada ya wiki, nikaukuta umeandikwa: MWIKO WA MWALIMU, USIPIKIWE. Nikamwachia. Ungefanya nini?

Ila alikuwa na kiburi, jamani. Kiburi si cha maringo, ni cha kukataa kukosea. "Fundi hakosei," alikuwa akisema, "gari ndiyo haijaelewa." Kuna bwana mmoja alifungiwa taa za kuonesha upande, akiwasha ya kushoto inawaka ya kulia. Akarudi kulalamika. Fundi akamtazama kwa huruma, akamwambia, "Yakhe, unaowaonesha ni wanaokuja mbele yako, au wewe mwenyewe? Kwao wao hiyo ndiyo kushoto." Yule bwana alifika mpaka barabarani kabla hajagundua kwamba kadanganywa.

Na huyu mtu, aliyeziongezea mbio nusu ya gari za vijana wa mjini, mwenyewe akienda kwa baiskeli. Bububu mpaka Mpendae, Mpendae mpaka Bububu, polepole, kila akipitwa anasema "Pita, bwana, pita." Leseni hana. Gari ikitaka kujaribiwa anakaa kiti cha nyuma, kafumba macho, midomo inacheza. Akiulizwa anasema anasikiliza injini. Mimi nilikaa naye siku moja kiti hichohicho, nikasikia anachokisema: ni Ayatul Kursiy, na akifika mwisho anaanza tena.

Sasa nije kwenye gari yetu. Mume wangu alikuwa karani bandarini, mtu mpole, mwenye haya, hajawahi kumwambia mtu neno la kumvunja moyo. Jambo moja tu la wazimu alilolifanya maishani, ukiacha kunioa, ni kununua ile gari ya bluu yenye tabo mbili. Tabo, kwa asiyejua, ni kijifeni kinachozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nacho kikizunguka kinasukuma hewa kuingia. Yaani gari inapata nguvu kutokana na uchafu wake wenyewe. Ilikuja na tabo mbili ndogo, na ikienda vizuri, inakwenda kama mtu mwenye adabu. Mpaka siku menifodi ilipopata ufa ikaanza kupiga mluzi kama birika.

Ufa ule ungezibwa kwa siku mbili. Lakini weka wanaume wawili na dele la kahawa mbele ya injini iliyo wazi, uone.

"Kufungua bolti zote hizi kwa ajili ya ufa tu," Fundi akasema, "si ni dhambi? Tutie menifodi mpya. Mabomba marefu, nitayachomea mwenyewe. Na tukishatia mabomba makubwa, zile tabo ndogo zitaona haya."

Mume wangu akasema inshallah. Basi Fundi alijifungia na ile gari mwezi mzima. Alikata mabomba, akayapinda, akayachomea moja moja, akayasugua. Siku alipoyamaliza aliyatandaza juu ya mkeka akaniita niyatazame, na haki ya Mungu yalikuwa mazuri, mtu angeweza kuyatundika ukumbini. Juu yake akafunga tabo mbili mpya, kubwa kama madafu.

Kosa lake nilikuja kulielewa mwenyewe baadaye, nikiwa nashikilia usukani. Tabo kubwa ni nzito, inachelewa kuamka. Unakanyaga mafuta, kimya. Unasema Bismillahi, kimya. Unatazama kioo, unajiweka sawa mtandio, na hapo ndipo inapoamka, inakurusha mgongo kitini kama imeona nyoka. Huko nchi za watu zenye barabara zisizo na mwisho huenda ni raha. Lakini Unguja hii barabara ipi ya kuisubiri tabo iamke? Ikiamka ushafika kwenye tuta. Ukilivuka tuta ishalala tena. Na ukiyamaliza matuta yote, mbele yako ni bahari. Watu wawili wenye akili zao, waliozaliwa na kukulia kwenye kisiwa, walikaa mwezi mzima wakajenga gari ya kutafutiwa bara.

Siku ya majaribio mtaa wote ulitoka. Mume wangu kashika usukani, Fundi nyuma, kafumba macho. Walikwenda mpaka Dunga wakarudi. Watu wakawazonga: "Vipi? Vipi?" Mume wangu akashuka, akamtazama Fundi, akautazama ule mkono wake uliojaa majeraha ya kuungua, akasema kwa sauti:

"Ndege, wallahi! Fundi kanipa ndege!"

Watu wakapiga makofi. Fundi hakusema kitu. Akafuta mikono kwa kitambaa, akaingia ndani. Mimi nikaona ajabu, maana yule mtu akisifiwa kwa kutia upepo tairi huongea nusu saa.

Tulipokaa kula chakula cha mchana mume wangu akaweka tonge chini. "Mama," akaniambia, "gari imeharibika. Hainyanyuki. Lakini usije ukamwambia Fundi. Kahangaika mwezi mzima yule, ataumia."

Miaka minne alikwenda kazini na gari ile akiisubiri iamke, na kila akipita gerejini anapiga honi na kunyanyua dole gumba. Miaka minne! Nilikuwa nikimwambia, mficha uchi hazai, nenda kamwambie mwenzio akurudishie tabo zako ndogo. Anasema, "Kesho." Na kesho anapiga honi.

Alipofariki, gari ikabaki kwangu. Nikahamishiwa skuli ya Chwaka, nikajifunza kuendesha katika umri ambao wenzangu wanajifunza kupumzika, nikasema nitakwenda na gari ya mume wangu. Kiti chake kilikuwa bado kina umbo la mgongo wake. Msinicheke, mtu aliyefiwa anajua ninachokisema.

Chwaka wakanijua. Njiani kuna mzee mwenye gari ya ng'ombe anayebeba makuti, na kila asubuhi mimi na yeye tunapitana mara tatu. Mimi nakanyaga, gari imelala, ng'ombe ananipita. Gari inaamka, nampita ng'ombe kwa kishindo. Linakuja tuta, ng'ombe huyo ananipita tena. Yule mzee alikuwa akigeuka juu ya makuti yake, "Mwalimu, shauri lako bado hujakata tu?" Wanafunzi wakaniita Bi Tabo. Nikacheka mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili iliniruka kwenye kona ya Dunga, ikaamka nilipokuwa sitaki, nikaingia kichakani mpaka kwenye migomba. Sikuumia, alhamdulillahi, lakini kabla sijatoka mle ndani nikajua: ama tabo ndogo zirudi, ama niiuze.

Nikaenda gerejini. "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mwalimu."

"Nnataka tabo zangu za zamani."

Akainama kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake. "Zile zishakwenda na watu wa chuma chakavu, Mwalimu. Ziko bara huko, zishakuwa masufuria."

"Basi nitafutie nyengine kama zile."

"Kwani hizi zina nini? Marehemu mwenyewe kasema ndege, na watu walisikia. Nani wa kumbishia marehemu?"

Niliondoka nimefura. Nikasema kiburi cha huyu mtu kitanizika. Sahani nikaacha kupeleka, na nadhani hilo lilimuuma, maana siku ya tatu nilikuta plagi mbili zinazong'ara mlangoni kwangu bila ya sahani.

Mnunuzi hakuwa na tabu kupatikana. Ni kijana mwenye duka Mji Mkongwe, anaishi kwenye kichochoro ambacho ukinyoosha mikono miwili unagusa nyumba mbili, na alitaka gari yenye tabo kubwa kuliko zote kisiwani. Nikamuuliza ataiweka wapi, akasema ataiweka nje ya Mji na atakuwa anakwenda kuitazama. Tukaagana aje Ijumaa baada ya sala.

Kufikia wakati huo Fundi alikuwa hana hali tena. Sukari ilimshika miguu, baiskeli hawezi tena, gereji kaifunga, kakaa kwake Bububu. Nikaona si uungwana kuiuza kazi ya mikono yake asikie kwa watu. Jumatano nikapika bokoboko, nikapika na mchuzi wa kuku, nikatia kwenye hotipoti mbili kubwa, nikaenda. Njia nzima nimekasirika, na nusu ya hasira ni kwa sababu nilikuwa naona namsaliti marehemu.

Nilimkuta kibarazani, miguu juu ya kibao, kofia yake ileile. Mkewe akachukua hotipoti akaingia nazo ndani. Tukaulizana hali, nikamwambia.

"Ijumaa nnaiuza gari, Fundi."

"Gari ya mwenzangu?"

"Itaniua. Nshaingia nayo kwenye migomba. Na wewe hutaki kusema kama ulikosea."

"Mwalimu," akasema polepole, "nikikwambia nlikosea mimi, si neno. Nshazeeka, kiburi changu kishaingia maji. Lakini mwenzangu alisimama mbele ya mtaa mzima akaapa wallahi ni ndege. Nikizitoa zile tabo nikasema mbovu, nimemfanya muongo, na yuko kaburini, hawezi kujitetea. Sitaki, bora uiuze."

Kumbe kiburi nilichokuwa nikikilaani muda wote ule kilikuwa kumsitiri mume wangu!

"Fundi," nikamwambia, "siku ileile, tukila chakula cha mchana, aliniambia gari imeharibika. Akasema nisikwambie, utaumia."

Fundi akanitazama. Kwanza nilidhani kakasirika. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka mpaka kofia ikaanguka, mkewe akatoka ndani mbio na mwiko mkononi. Alicheka mpaka akakohoa, alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na yale machozi hayakukatika kicheko kilipokwisha. Na mimi nililia. Yule bibi akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Hii bokoboko, Mwalimu, umetia nini?" Nikarudi Mpendae mikono mitupu, maana hotipoti ukipeleka unaziacha.

Ijumaa nimekaa namsubiri mnunuzi, ikasimama gari ya mkwewe Fundi mlangoni. Kiti cha nyuma kakaa Fundi, macho kafumba, midomo inacheza.

"Tushafika?" akauliza.

"Tushafika, baba, fumbua," mkwewe akamwambia.

Yule mkwe akashusha hotipoti zangu mbili, moja moja, kwa mikono miwili, mgongo umempinda. Nikafunua ya kwanza. Ndani, juu ya kitambaa safi, imekaa tabo ndogo, imesuguliwa, imepakwa mafuta, na ubavuni ina maandishi ya rangi nyeupe. Rangi yenyewe imeshakuwa ya manjano kwa uzee na imepasukapasuka. ITARUDI. Nikafunua ya pili. NA HII PIA.

Nikainama nikaishika ile rangi kwa kidole. "Uliandika lini haya?"

"Siku ya majaribio. Nilipoingia ndani."

"Ulijua siku ileile? Na ukazificha miaka yote hii?"

"Nlijua kabla hatujafika Mwera," Fundi akasema. "Nlikuwa nnamngoja aniambie."

"Na yeye alikuwa akikungoja wewe uulize."

Akatikisa kichwa. Akashushwa taratibu, akapewa kiti pembeni mwa gari ya bluu, akaweka mkono juu ya boneti. Mabomba yake, akanionya, yatabaki palepale, mabomba hayana kosa. Nikamwambia sawa. Kwenye kona ya njia nikamwona kijana wa Mji Mkongwe anakuja, kavaa kanzu ya Ijumaa, funguo za gari nyengine anazizungusha kidoleni. Fundi naye akamwona.

"Mwambie arudi," akasema. "Na mie niletee mshumaa. Bolti hizi zina miaka hazijabembelezwa."